Miwani ya Wazazi: Dhana Potofu Kuhusu Picha za Kijapani Zilizofundisha Maadili

Picha za Kijapani za chapa ya mbao zimesambaa sana mitandaoni, na miongoni mwake zimo zile zinazoonyesha mtoto akimhudumia mzazi wake, mwanamke akilaumiwa kwa ulevi, au kijana akivutwa huku na huku na roho njema na roho mbaya. Maelezo yanayoambatana nazo kwa kawaida huwa mafupi na huwa na uhakika mwingi kuliko ushahidi: kwamba Wajapani wa zamani walikuwa na nidhamu isiyo na kasoro, kwamba watawala wao waliwafundisha adabu kwa picha, na kwamba watoto walizitazama wakatii. Karibu kila sehemu ya maelezo hayo ina punje ya ukweli iliyofunikwa na makapi. Picha hizi zilikuwa kwanza bidhaa ya sokoni, zikiuzwa kwa watu waliotaka kucheka, kupendezwa na kupata la kuzungumza, na funzo lililokuwemo liliishi ndani ya biashara hiyo. Anayelitenga funzo na biashara hawezi kuelewa kwa nini lilichorwa namna lilivyochorwa.

"Serikali ndiyo iliyozitoa ili kuwatia watu adabu"

Katika kipindi chote cha utawala wa ukoo wa Tokugawa, yaani tangu 1603 hadi 1868, aliyeamua ni picha gani itoke alikuwa mchapishaji, mfanyabiashara mwenye duka lake mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, au Kyoto na Osaka. Yeye ndiye aliyemlipa mchoraji atengeneze mchoro wa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliubandika mchoro huo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuuchonga, mchoro wenyewe ukiangamia katika kazi hiyo, kisha mpiga chapa akapaka rangi, akalaza karatasi iliyotengenezwa kwa gome la mforosadi na kuisugua kwa pedi ya duara iliyofunikwa kwa ganda la mwanzi. Tangu picha za rangi nyingi zilipoanza kushika soko mwaka 1765, rangi iliyoongezwa ilimaanisha ubao mwingine wa kuchongwa, na alama ndogo pembezoni mwa kila ubao ndizo zilizohakikisha kwamba rangi zinaangukia mahali pake. Gharama yote hiyo ilitoka mfukoni mwa mchapishaji, naye alitarajia irudi na faida juu. Picha isiyonunuliwa ilikuwa hasara, hata ikiwa na mawaidha mazuri namna gani.

Serikali iliingia kwa mlango wa ukaguzi. Waziri Matsudaira Sadanobu alipokuwa akiendesha mageuzi yake ya kubana matumizi na kurekebisha mienendo, ilitolewa amri ya mwaka 1790 kuhusu uchapishaji, na tangu hapo picha ilipaswa kuwa na muhuri mdogo wa duara uliothibitisha kwamba imekaguliwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba waliopiga muhuri huo kwa miongo kadhaa walikuwa wachapishaji wenyewe, wakipokezana zamu ndani ya chama chao, na ni katika miaka ya 1840 tu ndipo kazi hiyo ilipohamishiwa kwa wakuu wa mitaa. Kwa hiyo mamlaka ilisema zaidi kisichoruhusiwa kuliko ilivyosema kitakachochorwa.

Upo wakati mmoja, hata hivyo, ambapo watawala walisogea karibu zaidi na meza ya mchoraji. Mwaka 1842, chini ya mageuzi ya waziri Mizuno Tadakuni, zilipigwa marufuku picha za waigizaji wa kabuki, yaani tamthilia ya Kijapani yenye ngoma na nyimbo, za makahaba mashuhuri na za geisha, wanawake watumbuizaji. Bei ya picha moja ikawekewa kikomo cha mon 16, sarafu ndogo za wakati huo, ambayo ndiyo iliyokuwa bei ya bakuli la tambi za soba. Idadi ya rangi ikapunguzwa. Na wachapishaji wakahimizwa wachague mada za uaminifu, utii kwa wazazi na usafi wa mwenendo, zinazowafaa wanawake na watoto. Hapo ndipo soko lilipojaa wake waaminifu na watoto watiifu. Utagawa Kuniyoshi, ambaye jina lake lilikuwa limejengwa na mashujaa wenye michoro mwilini, alichora katika miaka hiyo mfululizo wa wanawake wenye hekima na wake thabiti, pamoja na mfululizo wa watoto wema wa Kichina uliokusudiwa vijana. Ukizitazama picha hizo za wanawake, utaona kwamba uzuri wa uso, mtindo wa nywele na mpangilio wa kimono havikupungua. Kilichoongezeka ni maelezo ya juu yanayosimulia wema wa mhusika. Mnunuzi aliendelea kupata mrembo wake, mkaguzi akapata maadili yake, na mchapishaji akalipa kodi ya duka.

"Funzo ni lile unaloliona kwenye picha"

Mnamo mwaka 1802 Kitagawa Utamaro, aliyekuwa mchoraji maarufu kuliko wote wa wanawake wa Edo, alitoa mfululizo wa picha 10 kuhusu tabia za wasichana, ambao jina lake hutaja mafunzo na miwani ya wazazi. Kwenye kila karatasi jina hilo limeandikwa ndani ya umbo la miwani, kana kwamba mtazamaji amekopeshwa macho ya baba na mama ili aone kasoro ambazo kijana mwenyewe hazioni. Yumo msichana mjuaji anayejiona ana akili kuliko wote, na yumo mvivu asiyejitengeneza. Anayejulikana zaidi ni yule ambaye watu wa Edo wangemwita jeuri asiye na haya: kwa mkono mmoja ameshika kaa, kwa mkono mwingine ameinua bilauri ya kioo, kitu kilichokuwa na harufu ya ugeni na anasa wakati huo, naye anakunywa bila kujali kwamba vazi lake limelegea kifuani.

Picha hii inapoonyeshwa leo bila maelezo, watu wengi huona mwanamke anayejifurahisha, na wengine huisifu kama picha ya uhuru. Maandishi yaliyo juu ya kichwa chake yanasema jambo lingine, kwa kuwa yanawaonya wazazi juu ya malezi yanayozaa tabia ya namna hiyo. Katika picha za mafunzo maandishi yalikuwa nusu ya kazi, na mara nyingi yaliandikwa kwa herufi nyepesi za silabi ili hata mtu aliyesoma kwa muda mfupi katika shule ndogo za mtaani aweze kuyafuata. Anayetazama mchoro peke yake anasikiliza ngoma bila wimbo.

Lakini sitaki kusema kwamba maandishi ndiyo yanayotoa hukumu ya mwisho. Utamaro alijua kuchora ulegevu wa mavazi kwa namna ambayo hakuna lawama inayoweza kuufuta, na mchapishaji wake alijua kwamba wateja hawakuja dukani kutafuta nasaha za malezi. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa mwaka 1802 aliona lawama na furaha kwa pamoja na hakuhisi kwamba lazima achague moja. Inafaa pia kukumbuka kwamba mchoraji huyu aliyewakopesha watu miwani ya wazazi alikamatwa mwaka 1804 kwa picha zake za mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi, akafungwa pingu kwa siku 50, na akafariki mwaka 1806.

"Basi maadili yalikuwa kisingizio tupu"

Wanaogundua hayo yote huangukia haraka upande wa pili na kusema kwamba mafunzo yalikuwa ganda la kumdanganyia mkaguzi. Kwa baadhi ya kazi hilo ni kweli kabisa. Mwaka 1791 mwandishi Santō Kyōden alitoa hadithi tatu fupi kuhusu maisha ya mtaa wa starehe, na mchapishaji wake, Tsutaya Jūzaburō, akaziuza katika bahasha zilizoandikwa kwamba ndani yake mna kitabu cha mafunzo. Ujanja huo haukufua dafu. Kyōden alifungwa pingu kwa siku 50 na Tsutaya akatozwa sehemu kubwa ya mali yake.

Hata hivyo, mwaka mmoja tu kabla ya pingu hizo, Kyōden huyohuyo alikuwa ameandika kitabu cha picha cha maadili ambacho athari yake ilidumu kuliko karibu kila kitu kingine alichokiandika. Kilikuwa mojawapo ya vile vitabu vyembamba vya majalada ya manjano, ambavyo kila ukurasa wake ulichongwa kwenye mbao, mchoro na maandishi vikikaa pamoja, na michoro yake ilikuwa ya Kitao Masayoshi. Kinasimulia habari za Ritarō, mtoto wa mfanyabiashara wa Edo, ambaye alizaliwa akiwa amepewa roho njema na akakua akiwa kijana wa kutegemewa hadi siku ambayo roho mbaya zilipata nafasi ya kumwingia. Masayoshi alizichora roho hizo kama vijana walio karibu uchi, wenye vitambaa vya kiunoni tu, na mahali pa kichwa akaweka duara lililoandikwa herufi moja: wema au ubaya. Katika ukurasa unaokumbukwa kuliko zote, Ritarō yuko katika mtaa wa Yoshiwara, eneo la madanguro la Edo, roho mbaya zinamvuta abaki na roho njema zinamvuta arudi nyumbani, naye yuko katikati akiwa hana uamuzi. Baadaye roho mbaya zinaiua roho njema, Ritarō anaporomoka hadi kuwa mwizi, na anaokolewa na mwalimu mwenye busara, huku mjane na watoto wa roho njema wakilipiza kisasi kwa muuaji, kama inavyotakiwa katika tamthilia yoyote nzuri ya Edo.

Watu walizipenda roho mbaya kupita kiasi. Kyōden alilazimika kuandika mwendelezo, na wachoraji wengine wakazichukua roho hizo na kuzipeleka walikotaka. Katsushika Hokusai alitoa mwaka 1815 kitabu cha kujifunzia kucheza ngoma bila mwalimu, ambamo hatua za ngoma ya roho mbaya zimechorwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1832 jukwaa la kabuki la Nakamura-za lilionyesha mchezo ambamo wachezaji huvaa nyuso za duara zenye herufi zilezile, mchezo ambao bado unachezwa. Mwalimu mkali angesema funzo limepotea, kwa kuwa watu walijifunza ngoma ya ubaya. Mimi naona kwamba picha iliyowapa watu namna ya kuchekea vishawishi vyao wenyewe, na ikadumu katika mazungumzo yao kwa zaidi ya karne mbili, imefanya kazi ya maadili kwa njia ambayo hotuba isingeweza.

"Chimbuko lake ni Zen na maadili ya samurai"

Dhana hii inatokana na mazoea ya kuifikiria Japani yote kwa sura mbili tu, mtawa wa Zen, dhehebu la Kibudha, na samurai, yaani mpiganaji. Yule mwalimu mwenye busara katika kitabu cha Kyōden alichorwa kwa kumfuata mhubiri halisi, Nakazawa Dōni, aliyekuwa akivuta umati mjini Edo kwa mawaidha ya harakati iliyoitwa Shingaku. Mwanzilishi wa harakati hiyo, Ishida Baigan, hakuwa mtawa wala samurai. Alizaliwa mwaka 1685 katika familia ya wakulima, akafanya kazi kwa miaka mingi katika duka la nguo mjini Kyoto, na mwaka 1729 akafungua mlango wa nyumba yake na kuanza kutoa mihadhara bila malipo kwa yeyote aliyetaka kusikiliza, wanawake wakiwemo.

Alichofundisha kilikuwa mchanganyiko wa mafundisho ya Konfusio, ya Kibudha na ya Shinto, dini ya asili ya Japani, akichukua kila mahali kilichomfaa, na wasikilizaji wake walikuwa watu wa dukani. Katika jamii ambayo kwa nadharia ilimweka mfanyabiashara chini ya mpiganaji, mkulima na fundi, Baigan alisema kwamba faida halali ya mfanyabiashara ni sawa na posho anayopewa samurai, mradi aipate kwa uaminifu na aishi kwa kiasi. Hii ndiyo sababu picha nyingi za mafunzo zinahusu mambo ya nyumba ya biashara: mtumishi wa dukani anayeamka mapema, mtoto wa tajiri anayetapanya urithi, mke anayeangalia hesabu, ulevi, uvivu, majivuno ya mavazi. Wafuasi wa Baigan, hasa Teshima Toan, waliligeukia jambo la watoto kwa makini, wakaandaa masomo yao maalumu na kugawa bure karatasi za mawaidha zilizochapwa kwa mbao. Huo ndio mkondo uliokaribia zaidi kile ambacho watu huwaza wanaposikia "picha za kufundisha adabu", na hata huo ulitoka kwa watu wa mitaani.

"Zilikuwa za watoto"

Baadhi zilikuwa. Kulikuwa na karatasi za kukata na kuchezea, na karatasi za mchezo wa dadu ambamo mchezaji husogea kutoka utotoni hadi mafanikio akikwama au kurudishwa nyuma kwa makosa ya njiani. Lakini miwani ya Utamaro haikuwa ya mtoto, wala kijana aliyekwama Yoshiwara hakuwa mada ya kulazia watoto. Wanunuzi wakuu walikuwa watu wazima wa mjini.

"Watu walizipokea kwa utii"

Mfano mzuri wa kupimia dhana hii ni zile hadithi 24 za Kichina za watoto waliowatii wazazi wao kupita mipaka, zilizokusanywa katika enzi ya Yuan na kujulikana sana Japani. Mōsō anachimba theluji kumtafutia mama yake machipukizi ya mwanzi wakati wa baridi, na yanaota kwa muujiza. Ōshō analala juu ya barafu ili iyeyuke apate samaki wa mama yake wa kambo. Kakkyo anakusudia kumzika mtoto wake mdogo ili chakula kimtoshe mama yake mzee, na anapochimba kaburi anakuta chungu cha dhahabu. Wachoraji wengi walizichora hadithi hizi kwa heshima zote. Kuniyoshi alizichora zaidi ya mara moja, na katika mfululizo wa mwishoni mwa miaka ya 1840 alitumia vivuli na mandhari kwa namna ya Kizungu aliyojifunza kutokana na picha za kigeni, hata kuonekana kana kwamba China ya kale iko mahali fulani Uholanzi.

Pamoja na heshima hiyo kulikuwa na utani usiokoma. Suzuki Harunobu, katika miaka ya 1760, alimchora msichana mrembo wa mtindo wa wakati wake akitafuta machipukizi ya mwanzi katika theluji, na kila mnunuzi alitambua kwamba hiyo ni hadithi ya Mōsō iliyovalishwa nguo za msimu. Furaha ya picha ilikuwa katika kutambua. Aliyeicheka hakuwa lazima amedharau utii kwa wazazi, kama vile anayetania methali haidharau. Alikuwa anaonyesha kwamba anaijua vizuri kiasi cha kuichezea. Na wapo walioikataa kabisa. Fukuzawa Yukichi, mwandishi mkubwa wa miaka ya 1870, alizishambulia hadithi hizo waziwazi, akiuliza ni akili gani inayomtaka mtu alale juu ya barafu au amzike mtoto wake akiwa hai.

Wasomaji wa Edo, tena, walikuwa na tabia ya kutafuta maana iliyofichwa, hata pale mchoraji alipodai hakuna. Mwaka 1843 Kuniyoshi alitoa picha ya shujaa wa kale Minamoto no Yorimitsu akiwa amelala mgonjwa huku majinni ya buibui yakimzingira, na mji mzima ukaanza kuwasoma majinni kama watu walioumizwa na mageuzi ya Mizuno. Mchapishaji aliogopa, akaziondoa picha sokoni na kuharibu mbao zake. Umma unaosoma namna hiyo ni vigumu kuuita umma uliomeza mawaidha bila kutafuna.

"Mafunzo yalitoka juu kwenda chini"

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855 tetemeko kubwa liliipiga Edo na kuua maelfu ya watu. Katika siku chache mitaa ilijaa picha za kambare, kwa kuwa imani ya watu ilikuwa kwamba tetemeko husababishwa na kambare mkubwa aliye chini ya ardhi, anayedhibitiwa na mungu wa Kashima kwa jiwe zito. Zaidi ya miundo 200 ya picha hizo inajulikana, na zilitoka bila muhuri wa ukaguzi, bila jina la mchoraji, haraka kama magazeti. Katika baadhi yake wananchi wanampiga kambare kwa hasira. Katika nyingine, ambazo ndizo zinazonivutia, kambare anawatapisha matajiri sarafu za dhahabu, na wanaoziokota ni maseremala na wapiga lipu ambao ujenzi mpya umewapa kazi. Hapa funzo la maadili linamwelekea mwenye ghala: mali iliyolundikwa ni ugonjwa, na dunia imetikiswa ili itengenezwe upya. Katika muda wa miezi miwili hivi serikali ilizikataza na kuamuru mbao zake ziharibiwe.

Mwaka 1862, surua ilipoenea, wachapishaji walirudia kazi hiyohiyo kwa sauti ya daktari. Picha za surua zilikuwa na orodha za vyakula vinavyofaa na visivyofaa, pamoja na masharti ya mwenendo: kutooga siku 75, kuacha pombe siku 75, kujiepusha na tendo la ndoa siku 100. Wengine walidhani wanapata tiba, wengine mawaidha, na kwa wakati ule mpaka kati ya hayo mawili haukuwa na maana kubwa. Kando ya masharti kulikuwa na kejeli: daktari na muuza dawa wananenepa, na wanaolia njaa ni wenye nyumba za kuogea, vinyozi na madanguro.

"Zilikwisha Japani ilipofungua milango"

Kwa kweli ilikuwa baada ya kuanguka kwa Tokugawa ndipo serikali ilipofanya kile ambacho watu wengi huisingizia serikali ya zamani. Wizara ya Elimu, iliyoundwa mwaka 1871, ilianza mwaka 1873 kutoa yenyewe picha za chapa ya mbao za kufundishia watoto nyumbani. Ndani yake wamo watoto wanaojisomea na wale wakorofi wanaomcheka mtu mwenye shida, yamo majeraha yanayotokana na uzembe, na vipo vifaa vya ujenzi wa nyumba. Humo pia mna Wazungu. Kitabu cha Kiingereza cha Samuel Smiles kuhusu kujiinua kwa bidii kilikuwa kimetafsiriwa na Nakamura Masanao mwaka 1871 na kupendwa mno, kwa hiyo James Watt akachorwa akiwa kijana anayeuchunguza mvuke wa birika, na Richard Arkwright, mvumbuzi wa mashine ya kusokota nyuzi, akachorwa katika ugomvi na mke wake aliyekuwa amevunja kielelezo cha mashine. Kwamba kisa cha mume anayemfukuza mke kilipita kama somo la uvumilivu kinaeleza mengi kuhusu aliyeandaa somo hilo.

Biashara binafsi nayo haikulala. Kawanabe Kyōsai alichora hekaya za Esopo katika miaka hiyohiyo ya 1870, na kati ya 1885 na 1890 mchapishaji Matsuki Heikichi alitoa mfululizo mrefu wa mifano ya kuigwa kwa anayetaka kufanikiwa maishani, ulioshirikisha wachoraji kama Kobayashi Kiyochika na Tsukioka Yoshitoshi. Kilichoziondoa hatimaye sokoni ni mashine za kuchapa, picha za kamera na magazeti yaliyokuwa rahisi zaidi.

"Zinatuonyesha adabu halisi za watu wa Edo"

Hii ndiyo dhana inayohitaji uangalifu mkubwa leo, kwa sababu imejengwa hivi karibuni na watu wenye nia njema. Tangu miaka ya 1980 ilianza kutangazwa Japani kwamba wafanyabiashara wa Edo walikuwa na mfumo kamili wa adabu za mjini, ukiitwa Edo shigusa: kuinamisha mwavuli upande mtu mwingine anapopita njia nyembamba, kusogea kidogo kwenye benchi ili mgeni akae, na mengine mengi. Aliyeueneza ni Shiba Mitsuakira. Mafundisho hayo yaliingia kwenye mabango ya vituo vya treni na matangazo ya umma, yakiwa na michoro ya watu wenye kimono, na mwaka 2014 yalikuwemo katika kitabu cha masomo ya maadili kilichotolewa na wizara ya elimu kwa shule za msingi. Mwaka huohuo mtafiti Harada Minoru alichapisha uchambuzi uliobainisha kwamba hakuna hati ya kipindi cha Edo inayoushuhudia mfumo huo. Maelezo ya watetezi wake, kwamba kumbukumbu ziliteketezwa na waliozijua wakauawa wakati utawala wa zamani ulipoanguka, hayana ushahidi wowote. Miavuli yenyewe ya karatasi ilikuwa ghali, na watu wengi wa kawaida walijikinga mvua kwa kofia pana na makoti ya majani.

Mkanganyiko umezidishwa na mabango ya kisasa yaliyochorwa kwa makusudi kwa mtindo wa picha za zamani, kama yale ya kampuni ya reli ya Seibu yanayowaonyesha samurai na wanawake wenye nywele zilizofungwa juu wakikera abiria wenzao ndani ya behewa. Ni kazi za kuchekesha na zimetengenezwa vizuri, lakini zikinakiliwa bila maelezo hugeuka kuwa "ushahidi" wa adabu za karne ya 18. Anayetaka kuhakikisha aangalie mihuri. Picha nyingi zilizotoka Edo kati ya miaka ya 1790 na mwanzoni mwa miaka ya 1840 zina muhuri mdogo wa duara wa ukaguzi, zinazofuata zina majina ya wakuu wa mitaa, na zile za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1850 hadi miaka ya 1870 mara nyingi huwa na muhuri wa mwaka na mwezi, mwaka ukitajwa kwa jina la mnyama wake katika kalenda ya zamani. Kando yake huwa pana alama ya mchapishaji na, pengine, jina la mchongaji. Bango la treni lina nembo ya kampuni ya reli.